Swali la kura ni nusu ya jibu

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hawakuongeza kwamba kuuliza kwaweza kuwa ujanja, ingawa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa analijua hilo vyema. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wajibu "ndiyo" anajua namna ya kulitunga swali lake. Na anayetaka wajibu "la" anajua vilevile. Ikiwa hali ni hiyo katika darasa la wanafunzi 40, seuze katika uchaguzi wa maelfu na mamilioni ya watu, ambapo swali likishachapishwa kwenye karatasi ya kura halina tena mtu wa kulifafanua, na mpigakura amesimama peke yake mbele yake?

Katika makala haya nataka kulijadili swali la namna moja tu: lile wanaloulizwa wananchi wa mji au kaunti fulani iwapo nyumba za watu wenye mapato ya chini zijengwe kwao au zisijengwe. Mifano yangu nitaitoa katika jimbo la California, Marekani, ambako maswali ya aina hiyo yamepigiwa kura kwa zaidi ya miaka 70. Mimi ni mwanaisimu, si mwanasheria wala mtaalamu wa ujenzi, na jicho langu litakuwa kwenye maneno. Lakini nyuma ya maneno hayo mna watu waliopata paa na watu waliolikosa. Fauka ya hayo, kama nitakavyoonyesha, sheria zetu wenyewe humu nchini zimekwisha kuufungua mlango ambao swali kama hilo laweza kuupitia na kutufikia.

Tangu mwaka 1911, katiba ya California imewapa wananchi uwezo wa kujitungia sheria kwa kura, na uwezo wa kuzikataa sheria zilizopitishwa na wawakilishi wao. Ndiyo maana karatasi ya kura ya huko haina majina ya wagombeaji pekee. Pamoja na majina hayo huja maswali, mengine ya jimbo zima, mengine ya kaunti au mji mmoja. Je, mji ukope fedha za kujengea nyumba? Je, kodi fulani iongezwe? Je, sheria fulani ibaki au ifutwe? Kwa maswali mengi mpigakura hujibu ndiyo au la.

Mwaka 1949 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokusudia kugharimia ujenzi wa nyumba za umma 810,000 katika muda wa miaka sita. Miji iliyotaka fedha hizo ilitakiwa kuziomba. Katika mji wa Eureka, kaskazini mwa California, wakazi waliopinga mpango huo walidai upelekwe kwanza kwa wapigakura. Mahakama ya Juu ya California iliamua mwaka 1950 kwamba kuomba fedha hizo ni jambo la kiutawala, na kwa hivyo haliwezi kupigiwa kura. Wapinzani wa nyumba za umma, wakiwemo wafanyabiashara wa nyumba na ardhi, hawakuridhika. Waliandaa pendekezo la kuibadilisha katiba yenyewe, na mnamo Novemba mwaka huohuo likapita kwa wingi mdogo wa kura. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Ibara ya 34 ya katiba ya California.

Hebu tuitazame sarufi ya ibara hiyo. Nikiieleza kwa maneno yangu, inasema kwamba hapana mradi wa nyumba za kodi ya chini utakaojengwa wala kununuliwa na chombo chochote cha umma mpaka wengi wa wapigakura wa mji au kaunti inayohusika waukubali. Sentensi imeanza kwa ukanushi, na ruhusa imewekwa nyuma ya neno "mpaka". Katika muundo wa namna hiyo, kimya maana yake ni "la". Asiyetaka nyumba zijengwe hana haja ya kufanya lolote. Anayezitaka ndiye anayelazimika kutafuta fedha za kampeni, kungoja siku ya uchaguzi, kuwashawishi maelfu ya watu na kuwashinda wapinzani, ndipo jiwe la kwanza la msingi liwekwe.

Linganisha na ujenzi mwingine. Tajiri akitaka kujijengea jumba la vyumba 20, atahitaji vibali vya mji kama watu wote, lakini katiba haimlazimishi kuomba kura za jirani zake. Mwenye hoteli halazimishwi. Mwenye kiwanda halazimishwi. Ni nyumba ya maskini peke yake iliyowekewa "hapana, mpaka". Huu ndio msingi wa hoja yangu: swali linaloulizwa juu ya nyumba ya maskini pekee limekwisha kuwa nusu ya jibu, hata kabla kura ya kwanza haijapigwa. Mtu hahojiwi namna hiyo ila yule ambaye tayari ametiliwa shaka.

Athari zake zilionekana katika kisa cha Chavez Ravine. Hilo ni bonde lililo karibu na katikati ya jiji la Los Angeles, ambalo katika miaka ya 1940 lilikuwa na vijiji vitatu vya watu ambao wengi wao walikuwa na asili ya Meksiko. Mnamo Julai 1950, halmashauri ya nyumba ya jiji iliwaandikia wakazi barua kuwajulisha kwamba ardhi yao itanunuliwa ili kujengwa mtaa mkubwa wa nyumba za umma, zaidi ya nyumba 3,000. Waliahidiwa kwamba wao ndio watakaopewa nafasi ya kwanza katika nyumba hizo mpya. Wengi waliuza na kuhama, na makazi yao yakabomolewa.

Kisha siasa zikabadilika. Nyumba za umma zikaanza kuitwa ujamaa, na katika Marekani ya wakati huo hapakuwa na tusi zito kuliko hilo. Mwezi Juni 1952 wapigakura wa Los Angeles waliulizwa juu ya mpango mzima wa nyumba za umma jijini, na wengi wakasema la. Mahakama ya Juu ya jimbo ilikuwa imeshatamka kwamba mkataba wa jiji na serikali kuu hauwezi kuvunjwa kwa kura hiyo, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Mwaka uliofuata Norris Poulson, aliyeupinga mpango huo, alichaguliwa kuwa meya, na mtaa uliokusudiwa Chavez Ravine ukafutwa. Mwaka 1958 wapigakura waliulizwa tena, mara hii juu ya mkataba wa kuipa timu ya besiboli ya Dodgers ardhi hiyo, nao wakakubali kwa wingi mdogo. Familia za mwisho zilitolewa kwa nguvu mwezi Mei 1959. Uwanja wa michezo ulifunguliwa mwaka 1962, na ungalipo.

Msomaji atazame mpangilio wa maswali hayo. Wakazi wa bonde walipotakiwa kuhama, hawakuulizwa, waliandikiwa barua. Ilipofika zamu ya nyumba walizoahidiwa, jiji zima liliulizwa, nao wakawa sauti chache katika bahari ya sauti. Ardhi ilipotafutiwa matumizi mengine, jiji zima likaulizwa tena. Sisemi kwamba kura hizo zilikuwa batili. Nasema kwamba aliyepanga lini pawe na swali na lini pawe na amri, ndiye aliyeamua kisa hiki zaidi ya waliotia alama kwenye karatasi. Ama kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na hapa waliopiga kura kukihusu kitanda hicho, wengi hawakuwa walalaji wake.

Kulikuwa na jambo jingine linalonihusu zaidi kama mtu wa lugha. Katiba ya California ilikuwa na sharti, lililowekwa mwaka 1894, kwamba mpigakura awe anaweza kusoma Kiingereza. Wenye kusoma Kihispania tu waliachwa nje hadi mwaka 1970, Mahakama ya Juu ya jimbo ilipotamka kwamba sharti hilo haliwezi kutumiwa dhidi yao. Mwaka 1975 sheria ya Marekani ya haki za kupiga kura ilirekebishwa ili sehemu zenye wapigakura wengi wasiokijua Kiingereza vizuri zitoe karatasi za kura kwa lugha zao pia. Kwa maneno mengine, watu wa Chavez Ravine waliotolewa mabondeni walipitiwa na maswali yote yale katika miaka ambayo mzee aliyesoma gazeti lake la Kihispania kila asubuhi hakuhesabiwa kuwa anajua kusoma.

Ibara ya 34 ilifikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1971, katika kesi iitwayo James na Valtierra. Waliolalamika walikuwa watu wa mapato ya chini, wakiwemo wakazi wa San Jose, mji ambao wapigakura wake walikuwa wameukataa mpango wa nyumba hizo mwaka 1968. Majaji watano dhidi ya watatu waliamua kwamba ibara hiyo haivunji katiba. Jaji Hugo Black, aliyeandika uamuzi, aliiona kura ya maoni kuwa dalili ya kuithamini demokrasia, wala si ubaguzi. Ibara haikutaja kabila wala rangi ya mtu. Jaji Thurgood Marshall alipinga. Kwake yeye, ibara hiyo iliwatenga maskini waziwazi na kuwabebesha mzigo ambao wengine hawabebeshwi, na umaskini peke yake ulitosha kuwa sababu ya mahakama kuichunguza sheria kwa makini.

Wanafunzi wa semantiki wana la kujifunza katika mabishano hayo. Jaji Black aliyatazama maneno yaliyoandikwa. Jaji Marshall alimtafuta mtu anayerejelewa na maneno hayo. Wote wawili walisoma sentensi moja. Neno linaweza kuwa safi katika kamusi, na likawa na anwani ya watu fulani mtaani.

Kwa kuwa ibara ilikwama pale pale, wabunge wa California walifanya jambo ambalo wanaisimu hulifahamu sana: walilifafanua neno. Sheria ya miaka ya 1970 ilieleza ni kipi kisichohesabiwa kuwa "mradi wa nyumba za kodi ya chini". Mathalani, jengo la mtu binafsi linalolipa kodi ya ardhi, ambalo si zaidi ya asilimia 49 ya nyumba zake zimetengewa watu wa mapato ya chini, halihitaji kura. Nyumba 49 katika 100 zilipita bila swali. Zikifika 50, swali likaja. Ibara yenyewe wananchi waliombwa kuifuta mwaka 1974, wakakataa. Wakaombwa tena mwaka 1980, na tena mwaka 1993, wakakataa. Pendekezo jingine la kuifuta lilikuwa limepangwa kwa uchaguzi wa mwaka 2024, lakini liliondolewa kabla ya siku ya kura kufika.

Sasa tugeukie jibu lenyewe. Watu hudhani kwamba "ndiyo" ni ndiyo na "la" ni la. Laiti ingekuwa hivyo! Mwaka 1963 bunge la California lilipitisha sheria iliyowakataza wenye nyumba wengi kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi yake au asili yake. Mwaka uliofuata wapinzani wa sheria hiyo walileta pendekezo lililojulikana kama Pendekezo la 14. Halikusema "turudishe ubaguzi". Lilisema, kwa muhtasari, kwamba serikali isiinyime wala kuipunguza haki ya mtu ya kukataa kumuuzia au kumpangisha mwingine mali yake. Hesabu viziwizi vilivyomo: kutonyima, kutopunguza, kukataa. Ukanushi umepandana juu ya ukanushi, na katikati yake limewekwa neno tamu "haki". Aliyetaka milango iendelee kufungwa alitakiwa kujibu "ndiyo"; aliyetaka ifunguliwe, "la". Takriban watu wawili katika kila watatu walijibu ndiyo. Mahakama ya Juu ya California ililibatilisha pendekezo hilo mwaka 1966, na ile ya Marekani ikaunga mkono ubatilishaji huo mwaka 1967.

Sidai kwamba wote waliosema ndiyo walipotoshwa. Wengi walijua walichokitaka. Ninachodai ni kwamba swali lililotungwa hivyo humsitiri anayejua na kumpoteza asiyejua, na wote wawili huhesabiwa sawa. Hadi mwaka 2023 California ilikuwa na utaratibu uliowachanganya watu: wananchi walipokusanya saini ili sheria ya jimbo iliyopitishwa ipigiwe kura, "ndiyo" iliibakisha sheria na "la" iliiondoa. Kwa hivyo aliyetia saini kuipinga sheria hakuwa na budi kukumbuka kujibu la.

Sisi wenye kusema Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kujihadhari. Ukimwuliza Mswahili, "Hukwenda sokoni?" naye kama hakwenda, atakujibu, "Ndiyo, sikwenda." Anaithibitisha kauli yako. Mwingereza aliye katika hali hiyo hiyo atajibu kwa neno la kukana. Lugha hizi mbili hazikosani juu ya ukweli; zinatofautiana juu ya kile kinachojibiwa. Kwetu jibu hulielekea swali. Kwao hulielekea tendo. Swali la kura lenye ukanushi ndani yake, likiandikwa kwa Kiingereza kisha likatafsiriwa neno kwa neno, laweza kuwafanya watu wawili wenye nia moja kutia alama mahali tofauti.

Pengine ndiyo sababu katika kura zetu za maoni tulitumia picha na rangi. Mwaka 2005 ndizi ilikuwa ndiyo na chungwa likawa la. Mwaka 2010 kijani ilikuwa ndiyo na nyekundu ikawa la. Ishara hizo zilimsaidia asiyejua kusoma, na hilo ni jambo jema. Lakini ishara nazo zina maisha yake: chungwa liliondoka kwenye karatasi ya kura likawa jina la chama. Watu waliolipigia kura chungwa, je, waliijibu katiba au walimjibu aliyekuwa amelishika? Msomaji ana jibu lake.

Lipo neno jingine linalohitaji kuchunguzwa, nalo ni "wengi". Katika California, mji unaotaka kukopa fedha za umma kwa ajili ya nyumba kwa kawaida lazima upate thuluthi mbili ya kura. Los Angeles ilizipata mwaka 2016: zaidi ya asilimia 76 walikubali mkopo wa dola bilioni 1.2 wa kuwajengea nyumba watu wanaolala barabarani. San Diego haikuzipata mwaka 2020: zaidi ya asilimia 57 waliukubali mkopo wa dola milioni 900 wa nyumba za bei nafuu, na mkopo ukakataliwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 2022, Los Angeles iliulizwa juu ya kodi mpya ya asilimia 4 kwa mali inayouzwa kwa zaidi ya dola milioni 5, na asilimia 5.5 inapofika dola milioni 10, fedha ziende kwenye nyumba na kuwasaidia wapangaji. Waliokubali walikuwa takriban asilimia 57 vilevile, na kodi ikapita, kwa kuwa pendekezo lililetwa na wananchi wenyewe kwa kukusanya saini na hivyo lilihitaji zaidi ya nusu tu. Asilimia ni ile ile; katika mji mmoja ni wengi, katika mwingine ni wachache. Mwaka 2024 jimbo zima liliombwa kukishusha kiwango cha mikopo ya namna hiyo kutoka thuluthi mbili hadi asilimia 55. Lilikataa.

Mifano hii ya mwisho yatuonyesha pia kwamba wapigakura si maadui wa maskini. Mwaka 2020 wakazi wa San Francisco, wakitimiza sharti la Ibara ya 34, waliidhinisha kwa zaidi ya asilimia 70 nyumba 10,000 za kodi ya chini kwa mkupuo mmoja. Wakiulizwa waziwazi, watu mara nyingi hujibu kwa utu. Kwa hivyo anayesoma makala haya asiseme kwamba nataka wananchi wanyang'anywe kura. Chavez Ravine ilivunjwa kwanza na wataalamu wenye nia njema ambao hawakumwuliza mtu.

Je, haya yanatuhusu nini sisi Wakenya? Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata makao yanayofaa. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha ilianzisha ada ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri. Mnamo Novemba 28, 2023 Mahakama Kuu iliona kwamba ada hiyo imekiuka Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba iliwabagua wenye ajira rasmi. Machi 2024 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikatiwa saini, na ada ikarudi ikiwa na upana zaidi. Wananchi waliitwa kutoa maoni, hawakupiga kura.

Hata hivyo, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 90, inaruhusu kaunti kufanya kura ya maoni juu ya mambo ya mahali, yakiwemo maamuzi ya mipango na uwekezaji, iwapo ombi limetiwa saini na angalau asilimia 25 ya wapigakura waliosajiliwa mahali hapo. Nyumba ni mipango, nyumba ni uwekezaji. Siku yaweza kuja ambapo wakazi wa mtaa fulani watapeleka ombi lao ili waulizwe kama majengo ya watu wa mapato ya chini yasimamishwe karibu nao. Na anayetunga swali la kura ya maoni nchini ni tume ya uchaguzi. Hivyo ni heri tujifunze kuyasoma maswali sasa, kabla hatujaulizwa.

Kwanza tutajiuliza ni nani anayeulizwa. Wapangaji wengi wa Nairobi na Mombasa wamejiandikisha kupiga kura mashambani walikozaliwa. Wakiulizwa wapigakura wa kaunti juu ya nyumba za wapangaji, mpangaji huyo atakuwa mgeni katika swali linalomhusu yeye. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye ploti hamjui anayehama kila kodi inapopanda.

Pili, tutajiuliza maneno yana maana gani. Chukua neno "nafuu". Mgonjwa husemwa kuwa amepata nafuu, na maana yake ni kwamba hali yake ya leo ni bora kuliko ya jana. Nafuu ni neno la kulinganisha. Halisimami peke yake. Nyumba iliyo nafuu kwa mwalimu wa sekondari si nafuu kwa mama anayeuza mboga Gikomba. Sheria yetu inawatofautisha watu kwa mapato yao, na nyumba za kijamii zimekusudiwa wenye mapato yaliyo chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Lakini mabango huandika "nafuu" tu, na swali la kura huenda likaandika vivyo hivyo. Tusikubali neno hilo liachwe bila kijalizo: nafuu kwa nani, na kwa kiasi gani?

Tatu, tutajiuliza kimya kinamaanisha nini. Tusipopiga kura, au kura zikigawanyika sawa, ni nini kitakachotokea? Nyumba zitajengwa au hazitajengwa? Na je, nyumba za matajiri zinaulizwa swali lilo hilo? Kama haziulizwi, basi tujue kwamba swali limebeba hukumu ndani yake.

Walimu wenzangu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi ukanushi kama jambo la viambishi: si-, ha-, hu-. Wanafunzi hukariri, hupita mtihani, husahau. Napendekeza kazi nyingine darasani. Mpe mwanafunzi swali la Pendekezo la 14 kwa Kiswahili, umtake aeleze kila jibu litamfanyia nini mtu anayetafuta chumba cha kupanga. Kisha umtake aliandike upya, kwa sentensi moja yakinifu, isiyo na ukanushi hata mmoja, ambayo bibi yake ataielewa anaposomewa mara moja. Atagundua kwamba kulitunga swali la haki ni kazi ngumu kuliko kulijibu.

Na tume itakapotunga swali la kwanza la namna hiyo, litungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, wala si kwa Kiingereza kisha likatafutiwa tafsiri usiku wa kuamkia uchaguzi. Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Mtu atakayelala au asiyelala ndani ya nyumba hizo ana haki ya kulielewa swali kama analielewa yule aliyeliandika.